Rahisi ivunje upishi, ila isichome nyumba

Haya niliyaongea Jumamosi iliyopita kwenye ofisi ya serikali ya mtaa huku kwetu Mbagala, Dar es Salaam, kikao cha wapangaji na wenye nyumba, na kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa nao walikuwepo maana ndo siku yao ya kukutana. Waliokaa nyuma wakaniomba niyaandike kwa sababu maiki ilizimwa kabla sijamaliza, ntaeleza huko mwisho ilizimwaje. Nimeandika kama nilivyoongea, msinidai lugha ya bungeni.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, wajumbe, mama zangu, wazee wangu shikamooni. Na nyie vijana mliosimama hapo mlangoni kama makonda wanaogombea abiria, mambo vipi, ingieni ndani bwana, viti vipo.

Mwenyekiti kaniambia niongelee haki za mlaji na viwango vya bidhaa za viwandani. Sasa mimi ni fundi umeme, sio wakili. Wakili anajua vifungu, mimi najua harufu. Nikiingia kwenye chumba cha mtu nikasikia ile harufu ya plastiki inayoanza kuiva, naweza kukuonyesha ni soketi gani kabla sijafungua begi. Kwa hiyo leo ntaongea kwa pua yangu, vifungu vitakuja vichache tu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Dada yangu wa tumbo moja alihamia chumba huku Charambe, chumba kina soketi moja tu, mnazijua nyumba zetu, soketi moja ukutani inalisha ukoo mzima. Nikamnunulia ekstensheni Kariakoo, elfu sita. Mimi fundi mzima nimenunua, sikuifungua, sikuikagua, nilikuwa na haraka na kulikuwa na jua. Mwezi wa Ramadhani, saa kumi alfajiri, dada kachomeka birika la umeme anachemsha maji ya daku, na kwenye hiyohiyo ekstensheni kuna friji ndogo na feni. Ekstensheni iko nyuma ya kitanda. Pazia likashika. Kilichomuokoa yeye na mtoto ni kwamba ni mwezi wa daku, nyumba nzima iko macho, mpangaji wa chumba cha pili akakimbilia meni swichi akazima alafu ndo wakamwaga maji. Ingekuwa mwezi mwingine saa hiyo watu wamelala fofofo. Liliungua godoro, pazia, na sare za shule za mtoto.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndo pananiuma. Birika lile ni wati 2000. Friji ndogo na feni tuseme wati 200 zote mbili. Jumla 2200. Umeme wetu ni volti 230, ukigawanya unapata ampia tisa na nusu hivi. Ile ekstensheni mgongoni imeandikwa ampia 13. Yani dada yangu hakuizidishia kitu! Alitumia chini ya kile kilichoandikwa. Watu wote waliokuja kumpa pole walikuwa wanamwambia "na wewe unajaza mavitu kwenye ekstensheni", akawa anaomba msamaha kwa watu, yani mtu kaunguliwa alafu anaomba radhi.

Nikaifungua. Fyuzi hakuna, pale pa kukaa fyuzi kuna kipande cha chuma kimepachikwa tu. Waya kwa nje mnene kweli, unaona kabisa hapa kuna mzigo, kumbe unene wote ni plastiki, ndani kuna nywele chache. Nikazikwangua zile nywele kwa wembe, rangi ya kopa ikatoka, chini yake nyeupe. Alumini iliyopakwa kopa. Alumini inapitisha umeme kwa kama asilimia 60 tu ya kopa, sasa ukiifanya na nyembamba juu yake, inapata moto, moto unalainisha plastiki, na plastiki ya bei hiyo nayo ni ya kushika moto haraka. Hakuna uchawi hapo.

Nikarudi dukani. Kijana wa dukani hata hakuninunia, alinionyesha tu kibao, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", alafu akaniambia, "Kaka, ya elfu sita ulitaka ikufanyie nini? Rahisi huvunja upishi." Wateja wakacheka, na mimi nikacheka, nikaondoka. Nimefika Mtongani ndani ya daladala ndo nikajiuliza ivi nimecheka nini.

Mama zangu, huu msemo mimi naupenda, wahenga hawakukosea. Ila tuusikilize vizuri. Upishi ukivunjika maana yake pilau limetoka bokoboko, utakula huku umenuna, kesho utanunua mchele mzuri. Msemo hausemi mpishi afe. Kitu cha bei ndogo kiwe na rangi mbaya, kichubuke mapema, kife baada ya miezi sita wakati cha mwenzako kinaenda miaka kumi, hiyo ni halali yangu, nimelipia kidogo nimepata kidogo. Lakini kuunguza nyumba hakupo kwenye bei ya elfu sita na hakupo kwenye bei ya elfu sitini. Nilichokuja kusema leo ni hicho tu, mengine yote ntakayosema yanakizunguka hicho.

Na ndo kazi ya kitu kinachoitwa kiwango. Watu wengi wanadhani kiwango ni ubora wa juu, vitu vya Masaki. Hapana jamani, kiwango ni sakafu. Ni mahali ambapo watu wamekaa wakasema bidhaa hii ikishuka chini ya hapa haifai kuuziwa binadamu, hata kwa shilingi mia. Nchi yetu ina shirika la kazi hiyo, TBS, yani Shirika la Viwango Tanzania, pale Ubungo, sheria yake ya kwanza ni ya 1975, wakaanza kazi 1976, sheria mpya ikaja 2009. Na viwango hawavioti usiku. Zinakaa kamati, watu wa viwanda, walimu wa vyuo vikuu, watu wa serikali, na mlaji naye ana kiti chake kule hata kama mara nyingi hatujui nani kakikalia, alafu rasimu inatolewa watu watoe maoni. Mkono juu, nani hapa amewahi kutoa maoni kwenye rasimu ya kiwango? Mnaona. Hata mimi sijawahi, na naishi kwa hizo nyaya.

Hebu niwaonyeshe kiwango kinafananaje, shika hii plagi. Hii plagi ya meno matatu bapa tumerithi Uingereza, kiwango chake kilitoka 1947. Vita imeisha, kopa imeadimika, wanajenga nyumba nyingi kwa mpigo, wakabuni kufunga nyaya kwa namna ya kubana kopa, na kwa namna ile ikabidi kila plagi ibebe fyuzi yake tumboni. Kwa hiyo ile fyuzi ndogo unayoidharau ni mlinzi wa ule waya uliouchomeka, waya ukilemewa fyuzi inakufa yenyewe badala yako. Fundi anayekuwekea kipande cha waya mahali pa fyuzi amekufukuzia mlinzi, mwambie hivyohivyo.

Angalia meno. Haya mawili ya chini yamevalishwa plastiki nusu, ili ukiwa unachomoa kidole cha mtoto kisiguse chuma chenye umeme. Hili refu la juu ni la ethi, yani la kupeleka umeme uliovuja ardhini, na likiwa la chuma linatakiwa liwe tupu mwanzo mwisho. Ukiona plagi hata jino la ethi limevalishwa plastiki, aliyeitengeneza hajui alichokuwa anakiiga, iache hapohapo. Tena meno yanatakiwa yawe ya shaba ya manjano, na shaba haishikwi na sumaku. Mimi natembea na sumaku hii ya spika mbovu, ikinasa kwenye meno ya plagi nairudisha kwa muuzaji taratibu bila ugomvi. Sumaku sio maabara, usije ukasema fundi kasema ikipita basi ni nzima, lakini ikinasa hapo hapana mjadala.

Na hili jino la ethi ni refu kwa sababu, likiingia linafungua vile vilango ndani ya soketi. Vilango viliwekwa ili mtoto asiingize msumari. Sasa sisi tunafanya nini? Tunanunua redio ina plagi ya meno mawili ya mviringo, haiingii, tunachukua kifuniko cha kalamu tunachokonoa tundu la juu, vilango vinafunguka, tunaisukuma meno mawili kwa nguvu. Msicheke, hata nyumbani kwangu kifuniko kipo juu ya tivii! Tumejifundisha wenyewe kuvunja kufuli la watoto wetu, na mtoto wa miaka minne anatuangalia tunavyofanya. Ila kosa la kwanza sio letu. Kosa la kwanza ni la aliyeleta nchini mzigo wenye plagi isiyo ya soketi zetu akauuza bila hata adapta.

Hapo nikifika huwa kuna mtu ananiuliza, kwa hiyo zile feki zote zichomwe? Ngoja, tunachanganya vitu viwili. Feki ni kuiba jina. Mtu kachukua jina la kampuni nyingine kalibandika kwenye mzigo wake, hilo linasimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa sheria ya alama za bidhaa ambayo ni ya zamani, 1963. Chini ya kiwango ni jambo lingine, bidhaa inaweza ikawa na jina lake halali kabisa, kiwanda kinajulikana, na bado ikawa mbovu ya kuua. Ile ekstensheni yangu haikuwa feki ya mtu yeyote, ilikuwa ina jina lake lenyewe na bado ikanichomea pazia. Kwa hiyo swali la "hii og au feki?", yani orijino au feki, linakupa nusu ya jibu tu.

Mnakumbuka simu zilivyozimwa? Juni 16, 2016, TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, walizima simu zote zenye namba za IMEI za kughushi, yani ile namba ya kuitambulisha simu, watu hapa mtaani waliamka simu imekuwa kioo cha kujitazamia. Unabonyeza nyota reli 06 reli zinakuja tarakimu 15, unazituma 15090 unajibiwa ni simu gani hiyo. Ukiambiwa ni simu ya aina nyingine kabisa, umepigwa. Nalitaja hilo kwa sababu lilionyesha kwamba ukimpa mwananchi njia ya kukagua kitu kwa dakika moja ataitumia, bila semina. Nilitamani sana tuwe na kitu rahisi namna hiyo kwa nyaya na plagi. Kuna watu wanasomasoma ile milia ya bakodi wanasema ikianza na 620 basi TBS wamepitisha. Hapana! 620 ni usajili wa namba za bakodi wa Tanzania tu, haisemi kitu kuhusu ubora. Alama ya TBS ndo alama ya TBS, inamaanisha kiwanda kilitembelewa na sampuli zikapimwa. Na vya kutoka nje vingi hutaiona hiyo alama, vile tangu 2012 utaratibu ni kwamba vinakaguliwa kulekule vinakotoka kabla ya kupanda meli vinapewa cheti cha shehena, au vinakaguliwa vikishafika. Kwa hiyo cheti anacho mwagizaji, wewe huku Mtaa wa Kongo hukioni. Hapo pana pengo, mimi naona hivyo, na sioni aibu kusema.

Na hapo ndo nataka niwatetee machinga, maana najua wapo humu. Tukisema bidhaa mbovu kila mtu anamuangalia kijana mwenye meza ya ekstensheni pale Rangi Tatu. Kijana yule kachukua dazeni mbili kwa mali kauli, yani atalipa akishauza, kwa mtu wa jumla, ambaye kachukua kwa mtu mwenye kontena. Akikamatwa yeye mwenye kontena yuko kwenye kiyoyozi anakunywa maji. Ninachomuomba kijana ni kimoja, ajue kachukua kwa nani, na awe na karatasi. Ukiniuzia nikarudi na kitu kimeungua, wewe uwe na mahali pa kurudi. Asiye na mahali pa kurudi ndo anakuwa mkali, nimeligundua hilo, wale wanaotukana wateja wengi wao hawana risiti ya walikochukua.

Nitoke kwenye umeme kidogo, nyie mnaojenga Chamazi na Chanika. Nondo. Nondo ya milimita 12 unaijuaje kama ni 12? Macho yako hayawezi, hata yangu hayawezi. Lakini uzito hausemi uongo. Chukua kipenyo zidisha kwa chenyewe gawanya kwa 162, unapata kilo za mita moja. 12 mara 12 ni 144, gawanya 162, ni kama gramu 890 kila mita. Nondo ya mita 12 basi inatakiwa kucheza kwenye kilo 10 na gramu 600 hivi. Jirani yangu aliletewa nondo za "12", tukaazima mizani ya yule muuza chuma chakavu hapo njiani, tukapima moja, kilo 8 na kidogo. Piga hesabu kinyumenyume utakuta ile ni milimita 10 na nusu! Unaona ni kamilimita na nusu tu, lakini chuma kilichopotea ni karibu robo. Kwenye nondo mia moja amelipia kilo 250 za hewa, na ile hewa inakwenda kubeba slabu ambayo wajukuu watacheza juu yake. Tulipomwambia muuzaji akasema "hizo ni 12 za kibiashara". Sijawahi kusikia milimita ya kibiashara, milimita ni milimita, Mbagala mpaka Mwanza. Kwa kumsifu, alipoona mizani alizichukua zote akaleta nyingine. Mizani haibishani.

Mabati mnajua wenyewe, geji ikipanda bati linakuwa jembamba, 32 ni jembamba kuliko 28, usifurahie namba kubwa. Simenti ile 32.5 na 42.5 sio kilo wala bei, ni nguvu yake baada ya siku 28, na hata iwe nzuri vipi ikikaa kwenye unyevu ghalani imekwisha, ponda donge kwa vidole, likigoma usilipe. Vijana wa bodaboda na nyie mnaonunua matairi, ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, mpira unazeeka hata ukiwa dukani unang'aa, tusidanganyane na kiwi.

Mkorogo sitausemea sana maana mke wangu yupo hapa. Tangu Julai 2019 vipodozi na vyakula vimehamia TBS, ile mamlaka ya chakula na dawa iliyokuwa TFDA imebaki na dawa na vifaa tiba inaitwa TMDA. Krimu isiyo na orodha ya vilivyomo usijipake, nyingine zina zebaki, na zebaki haibaki usoni, inashuka mpaka kwenye figo. Basi, nimemaliza, nisije nikalala nje.

Sasa haki. Rais wa Marekani Kennedy ndo aliyelipelekea bunge lao ujumbe Machi 15, 1962 akataja haki nne za mlaji, kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua, na kusikilizwa, ndo maana kila Machi 15 mnaona mabango ya haki za mlaji. Umoja wa Mataifa wakatoa miongozo yao 1985. Lakini mimi kinachonifurahisha zaidi ni kesi ya konokono. Uskochi, 1928, mama mmoja anaitwa Donoghue yuko mgahawani na rafiki yake, rafiki kamnunulia soda ya tangawizi, chupa nyeusi huoni ndani. Kwa maelezo yake mwenyewe, kanywa, rafiki anamuongezea iliyobaki, kikatoka kitu, konokono aliyeoza. Mama akaumwa. Sasa amdai nani? Mwenye mgahawa hakuuza kwake, kauza kwa rafiki. Mwenye kiwanda ndo kabisa hajui hata anaitwa nani. Mpaka mwaka 1932 majaji wa juu kule Uingereza, watatu kwa wawili, nusura apoteze, wakasema aliyetengeneza kitu anawajibika kwa atakayekitumia mwishoni hata kama hawajawahi kuonana. Na jaji mmoja akauliza, jirani yangu ni nani? Akajibu, ni yule ambaye nikifanya uzembe ataumia. Sheria zetu zimechota kwenye kisima hichohicho. Sisi Waswahili hatukuhitaji jaji atuambie jirani ni nani, lakini mwenye kiwanda alihitaji.

Kwa hiyo kile kibao. "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Ukinunua shati jekundu ukafika nyumbani ukataka la bluu, hapo muuzaji ana haki ya kukukatalia, usiende kugombana. Lakini kama kitu ni kibovu, au sicho ulichoambiwa, au hakifanyi kazi ambayo vitu vya aina hiyo hufanya, sheria ya mauziano na hiyo sheria ya ushindani ya 2003 zinakulinda, kibao cha mbao hakifuti sheria. FCC wenyewe wamekuwa wakisema hadharani kile kibao hakikubaliki. Mimi siku ile nilikiona nikakitii kama vile kimeandikwa na malaika.

Na niliondoka kwa sababu nyingine pia, sikuwa na risiti. Hapa tunajimaliza wenyewe. Unaambiwa "na risiti elfu saba, bila risiti elfu sita", unaona umepata punguzo la buku. Ile buku ndo umeuza nayo ushahidi wako. Sina ugomvi na kodi leo, naongelea ushahidi tu, ile risiti ya EFD, ya mashine ya kodi, ina jina la duka, tarehe, na saa. Ukishaipata ipige picha palepale, maana karatasi ile ikikaa kwenye pochi mwezi mmoja inafutika inakuwa nyeupe kama barua ya mtu asiye na la kusema.

Mama mmoja hapa mbele, mama yangu namshukuru, aliniuliza, "Mwanangu, sasa mimi nikaenda kumshitaki mwenye duka, si nimemchomea kijana wa watu riziki yake?" Hili swali kubwa kuliko yote. Uswahilini kuripoti kitu kunaitwa unaa, unaitwa mnoko. Nilimjibu hivi, mama, anza na yeye mwenyewe, nenda na kitu chako na risiti, ongea kwa adabu, mpe nafasi. Wengi ukienda na risiti bila kelele wanabadilisha, kama yule wa nondo. Akikataa nenda FCC, na kama kitu kile ni cha kuumiza watu basi TBS wajue, kwa sababu iliyokuwa kwenye lile boksi la dazeni sio ekstensheni yako peke yake, ziko nyingine kumi na moja, na zimeshaenda vyumba kumi na moja, na huko kote mwezi wa daku hauko kila siku. Mama akanyamaza kidogo akasema, "Hapo sawa, hao kumi na moja hukuwa umewasema."

Nilikuwa natembeza ile sumaku watu wajaribu chaja zao. Ndo yule kijana wa bodaboda wa mlangoni, ambaye viti vipo lakini hakukaa, akapiga kelele, "Fundi, pima na hiyo ya maiki!" Watu wakaangua kicheko. Maiki na spika za mtaa zilikuwa zimechomekwa kwenye ekstensheni nyeupe chini ya meza ya mwenyekiti, na feni mbili, na jagi la chai ya wajumbe. Nikachomoa plagi. Jino la ethi limevaa plastiki mpaka katikati. Nikasogeza sumaku, ikaruka yenyewe ikanasa, tap.

Mwenyekiti akaiangalia, akaishika waya, moto. Akasema, "Acha hivyohivyo, usirudishe." Ndo maana waliokaa nyuma hawakusikia ile habari ya konokono, niliimalizia bila maiki na koo lilikuwa limeshakauka.

Ila mwenyekiti wetu ni mtu wa makaratasi, tulipopekua faili la matumizi ya ofisi risiti ya EFD ikaonekana, imefifia lakini jina la duka linasomeka. Jumatatu saa nne tunaenda wote Kariakoo, yeye na risiti yake, mimi na sumaku.